Siku ya Maji na Siku ya Chai

Wenzangu mnaobaki angani, mliniomba niandike. Mlisema, Hajji Twaha, umekalia kiti hicho tangu wengine wetu hatujazaliwa, tuachie kitu cha kusoma tukikwama hotelini. Nimekubali, lakini msitegemee maneno ya kukatia keki. Nina hasira. Naamka nayo alfajiri, naenda nayo msikitini, narudi nayo nyumbani hapa Old Kampala, na mke wangu Zaituni ameshachoka kuniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Nimemeza. Haisaidii, kwa sababu hii si presha.

Vyeo sitavitaja, na mishahara waulizeni waliokuwa wakiilipa. Nitaanza mwanzo, maana bila mwanzo hamtaelewa walichomfanyia rubani mwenzetu Akello.

Sisi ni Waswahili wa Old Kampala. Babu wa babu yangu alipanda kutoka pwani na misafara ya biashara, akafika kwenye kilima hiki, akachoka kutembea. Baba yangu aliuza vitambaa. Kwetu mtoto hainui sauti mbele ya mkubwa. Unatoa shikamoo, unaulizwa, unajibu. Ukiona mkubwa anakosea unamwendea mama, mama anamwendea shangazi, na shangazi anangoja siku ambayo mkubwa ameshiba. Kwa mambo ya mahari ni utaratibu mzuri sana. Kwenye ndege inayoshuka ni njia ya kufa wote pamoja mkiwa na adabu zenu.

Nilitoka shule ya urubani kule Soroti nikiwa na karatasi zote na sauti ndogo kama ya bi harusi. Siku yangu ya kwanza kazini Entebbe nilipangwa na Kapteni Byaruhanga, mtu wa Fort Portal, mfupi, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Nikamsalimu. Hakuitikia. Akanishika mkono akanipeleka kwenye maegesho ya magari, akasimama katikati ya madereva waliokuwa wakila mihogo, akasema:

"Tunashuka. Mimi ndiye ninayeendesha. Wewe umeona mambo yameharibika. Sema."

"Kapteni, samahani," nikaanza, "naona kama vile..."

"Tumekufa," akasema. "Tumegonga mti tukiwa bado kwenye samahani. Sema tena."

Maneno yenyewe ni mawili tu, ya Kiingereza, na kila rubani duniani anayajua: "Go around." Maana yake acha kutua, paa tena, tutazungumza tukiwa juu. Na sheria yake ni moja. Yeyote kati ya wawili walioko mbele akiyatamka, awe kapteni, awe msaidizi aliyeanza kazi jana, anayeendesha haulizi kwa nini. Anasukuma injini, anainua pua, ndege inapanda. Maswali baadaye. Sababu ni rahisi. Karibu na ardhi hakuna muda wa kusikilizana, na mwenye usukani mara nyingi ndiye wa mwisho kuona, kwa kuwa yeye ameshaamua kutua.

Nikasema mara ya pili, ya tatu, ya sijui ngapi. Madereva wakaacha mihogo yao wakawa wanacheka. Byaruhanga akaniambia, "Nani amekufundisha kuomba? Sema kama unafukuza mbuzi kwenye mahindi!" Nikapiga kelele mpaka askari wa getini akaja kuuliza kuna nini. Hapo ndipo Byaruhanga alipoitikia salamu yangu. Tulikwenda Arua na kurudi, na njiani akakosea makusudi mambo kadhaa madogo ili aone kama nitafungua mdomo.

Chombo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa tochi. Nawaambia hili nyinyi mnaozunguka ndege mkiwa mmeshika simu. Ingiza tochi kila tundu. Gusa tairi kwa mkono. Entebbe ni uwanja wa ziwani, na vijidudu vya ziwa vikiamka asubuhi vinaganda kwenye kioo cha mbele kama uji uliokauka. Simama pale mpaka vioshwe kwa sabuni, hata kama abiria wanakuchungulia kwa hasira. Nimewahi kukuta kiota cha ndege chenye mayai mahali ambapo, kwa mujibu wa fundi, pamekaguliwa. Fundi aliniambia huenda yametagwa baada ya kukagua. Nikamwambia huyo ndege ana haraka kuliko sisi.

Kampuni ya kwanza ilikufa mikononi mwetu, sababu zake mnazijua, na kwa miaka mingi nikabeba mizigo kwenda mashariki ya Kongo: maharage, magodoro, mbuzi. Mbuzi wananuka, lakini hawapigi makofi ukitua. Viwanja vya kule vilikuwa na soko ndani yake. Unashuka, unaona akina mama wameanika mihogo katikati ya njia, msaidizi wako Mkongo anapiga kelele "Panda! Panda!" unapanda, akina mama wanakusanya mihogo yao wakikutukana, unarudi unatua. Hakuna aliyeona aibu. Kila mtu alikuwa na akili kwa sababu kila mtu alikuwa na hofu.

Akili zilitupotea tulipopata kampuni mpya na ndege zinazonukia plastiki. Hapo ndipo ilipoanza chai.

Nyinyi mnaijua, lakini wanaosoma wasioijua niwaeleze. Kitabu cha kampuni kinasema, kwa maandishi mazito, kwamba rubani hataadhibiwa kwa kukatisha kutua. Maneno mazuri, nilipiga makofi yaliposomwa. Lakini ukikatisha kutua, siku ya pili simu inalia. Mkuu wa marubani anauliza kama una nafasi ya kupita ofisini kwa chai. Unapita. Kuna birika la tangawizi na vikombe vyenye nembo, mandazi hakuna. Anakuuliza watoto hawajambo. Halafu anakuuliza, kwa upole, kama siku ile hakukuwa na namna nyingine. Mafuta yameungua, abiria wamelalamika, Mwenyekiti wa kampuni ameuliza. Hakuna adhabu. Ni mazungumzo tu. Mwezi unaofuata unajikuta umepangiwa safari zote za kuamka saa tisa usiku, na rafiki zako wanakuuliza ulikunywa vikombe vingapi.

Nimeinywa chai hiyo, mara nyingi kuliko nyote. Sikuacha kupaa tena, lakini niliona vijana walioacha. Niliwasikia wakijifunza namna mpya ya kusema: "Kapteni, umeona upepo?" "Kapteni, una maoni gani?" Samahani ya Old Kampala imerudi, safari hii imevaa tai.

Mkuu huyo mwenyewe, mnajua alifundishwa na nani? Nami. Alikuwa kijana wa Mengo, mwembamba, anajua hesabu kuliko mimi, na nilimsimamisha kwenye maegesho yale yale akafukuza mbuzi mpaka sauti ikamkauka. Wote niliopewa niliwapitisha pale. Wasswa, yule mpole wenu, alitamka maneno yale kama mtu anayeomba apewe chumvi mezani, nikamrudisha wiki nzima bila mafanikio. Nilimwambia, "Wasswa, wewe utatuzika kwa heshima zote." Akacheka, akasema, "Pole, Mzee."

Akello alikuwa kinyume chake. Baba yake ni sajini mstaafu wa polisi, mtu wa Lira, na alikulia katika kambi ya Naguru, ndiyo maana mimi naye tuliongea Kiswahili. Cha kwake ni cha kambini, ngeli zote kwake ni ndugu wa tumbo moja. Siku ya maegesho nilimwambia sema, akasema mara moja tu, na kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani, wakaruka kutoka kwenye nguzo ya taa. Nikamwuliza sauti hiyo kaipata wapi.

"Mzee, mimi nimezaliwa kwa baraksi," akaniambia. "Kule kama hupigi kelele, hakuna mtu nasikia wewe."

Niliruka naye miaka kadhaa. Mikono yake imetulia. Anasoma mawingu ya ziwa letu vizuri, na ziwa letu, nawakumbusha, halisomeki kwa chombo peke yake. Linapika mvua yake mchana na kuileta uwanjani bila hodi.

Sasa siku ya maji. Sheria ya anga inasema rubani wa abiria akitimiza miaka sitini na mitano anakaa chini. Mimi nilikuwa natimiza kesho yake. Kwa akili zao, wapanga safari walinipa safari ya mwisho siku ya mwisho kabisa, Johannesburg kwenda na kurudi, ili nitue Entebbe jioni mbele ya wageni. Magari mawili ya zimamoto yangesimama huku na huku yamwagie ndege maji, kama inavyofanywa kwa rubani anayestaafu. Mwenyekiti angekuwepo na wapiga picha. Zaituni alipika pilau sufuria nzima, akawavalisha wajukuu nguo za Idi. Nilimwambia mpanga safari, mwezi mzima kabla, acheni siku moja ya akiba, hali ya hewa haisomi kadi za mwaliko. Akaniambia Mwenyekiti ana nafasi siku hiyo tu.

Nilichagua Akello awe msaidizi wangu. Kwenda salama. Kurudi salama mpaka ziwa lilipoonekana, na juu yake wingu limesimama kama ukuta, jeusi chini, upande mmoja wa uwanja. Upande wetu ulikuwa wazi. Mnara wa kuongozea ndege wakatuambia upepo ulivyo, unafaa. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Tukashuka juu ya maji, magurudumu chini, kila kitu mahali pake, na mbele niliona taa za magari ya zimamoto zinazunguka. Mwenyekiti alikuwa amewaambia waziwashe mapema.

Halafu mvua ikakata kona. Kioo kikawa cheupe, vifuta kioo vinapiga bila kufuta kitu, na mwendo wa ndege ukaruka juu ghafla kwa sababu upepo ulikuwa unageuka. Sauti ikatoka upande wa kulia, ile ile ya kurusha kaloli:

"Go around!"

Nikasukuma injini. Sikufikiri, mkono wenyewe ulijua njia tangu enzi za Byaruhanga. Akello akapandisha magurudumu, akaongea na mnara, sauti imetulia kama anayesoma menyu. Nyuma abiria walipiga mayowe, wengine wakamwita Yesu, wengine Mola, na tukapanda juu ya magari ya zimamoto, juu ya Mwenyekiti, juu ya pilau.

Tulizunguka ziwani tukingoja. Mvua haikuondoka, ikamwita mwenzake. Mafuta ya kwenda Nairobi tulikuwa nayo kwa sababu siku zote nabeba mafuta ya kwenda Nairobi, tukaenda Nairobi. Entebbe ilipofunguka, saa zetu za kazi zilikuwa zimekwisha, na sheria haina huruma hapo, wala mimi siitaki iwe nayo. Tulilala. Asubuhi nikaamka nina miaka sitini na mitano, rubani ambaye hawezi kurusha ndege aliyoileta mwenyewe.

Pale Nairobi, mbele ya kaunta ya hoteli, abiria walinisema vya kutosha. Mama mmoja, Nakato, mfanyabiashara wa viatu ambaye l na r zake hubadilishana viti, alinishika shati.

"Kapteni, duka rangu riko Nakivubo! Wewe umenireta Nairobi kufanya nini?"

Nikamwambia nimemleta akiwa mzima. Akasema uzima haulipi kodi ya duka.

Asubuhi kampuni ikatuma kapteni mwingine. Akello, aliyekuwa ameshapumzika kisheria, akakaa kiti chake cha kulia, na mimi nikapewa kiti cha nyuma, karibu na choo, ubavuni mwa Nakato. Nimeruka maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba huko nyuma kiti hakilali. Nakato akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbe reo na wewe ni abilia?"

"Leo na kuendelea," nikamjibu.

Kila ndege iliponguruma alinishika mkono aniulize ni nini, nikamwambia ni magurudumu, ni mabawa, ni mhudumu amefunga kabati. Aliyeendesha ni Akello, kapteni alimpa usukani. Nilijua bila kuambiwa. Ndege iligusa chini taratibu sana, hata mtoto aliyelala kiti cha mbele yetu hakuamka. Watu wakapiga makofi, Nakato kuliko wote.

"Huyu wa reo anajua kazi!" akasema. "Si yura wa jana."

"Huyu wa leo ndiye aliyekupeleka Nairobi jana," nikamwambia. "Ndiye aliyekataa."

Akafunga macho, akasema kitu cha Kiganda kwa sauti ya chini, nadhani ilikuwa dua.

Hakukuwa na magari ya maji. Mtu mmoja wa zimamoto alikuja kunipa mkono pale pale kwenye ngazi. "Hajji, sisi tulikuwa tayali kabisa na maji," akasema. "Rakini mvua ikatumwagia sisi." Akanishukuru kwa pilau pia. Zaituni aliwapa yote jioni ile, afadhali yao kuliko kuimwaga.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe watu walishapata hadithi yao, na ilikuwa imezunguka kabla hatujatua. Msichana aliogopa. Mzee mzoefu alikuwa anatua vizuri kabisa, uwanja anaujua hata akifungwa macho, siku yake ya mwisho, na msichana akapiga kelele. Niliisikia kwa marubani. Niliisikia kwenye baraza ya msikiti. Niliisikia nyumbani kwangu!

"Huyo binti kakuharibia siku yako," Zaituni alisema huku anakunja nguo za wajukuu.

"Huyo binti amekuletea mume," nikamjibu, na nilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Magharibi aliniletea maji ya kunywa, akauliza, "Kwani mngekufa?"

Na hilo ndilo swali ambalo kila mtu ananiuliza, kwa hiyo sikilizeni jibu langu. Sijui. Labda tungetua, tungelowa, Mwenyekiti angepiga picha. Labda tungepita mwisho wa njia tukaingia ziwani. Mimi sijui, Akello hajui, na Mkuu aliyekuwa uwanjani chini ya mwavuli ndiye asiyejua kabisa. Sheria iliwekwa kwa sababu hakuna anayejua! Ukimtaka msaidizi athibitishe kwamba mngekufa, basi unamtaka angoje mpaka mfe.

Baada ya wiki moja Mkuu alinipigia simu. Habari njema, akasema. Mwenyekiti anataka sherehe irudiwe. Ndege itavutwa na trekta mpaka katikati ya magari ya zimamoto, mimi nitakaa mbele na sare yangu, nitapunga mkono, maji yatamwagwa, picha zitapigwa. Atakaa nami msaidizi mwingine, wamemfikiria Wasswa. Na katika hotuba yangu fupi itapendeza nikigusia, kwa wema tu, kwamba binti alikuwa bado mchanga na akapatwa na wasiwasi, ili jina la kampuni lisichafuke kwa abiria.

"Ndege inakokotwa na trekta," nikasema, "halafu nipunge mkono?"

"Ni ya picha tu, Hajji."

"Na Akello yuko wapi?"

"Akello tumemwita chai."

Nilikata simu. Alisubiri nistaafu, ndipo amwite.

Chai ilikuwa Ijumaa mchana. Nilitoka swala nikiwa na kanzu na kofia, nikateremka Entebbe, nikamkuta Akello kwenye benchi nje ya ofisi, sare imepigwa pasi. Baba yake alikuwa amemsindikiza kutoka Namuwongo, ambako wanaishi tangu alipotoka kambini. Mzee huyo alisimama akanipigia saluti.

"Afande," akaniambia, "mimi nilifundisha huyu mtoto yangu kusema ukweli kwa mkubwa. Nilifundisha vibaya?"

Nilimshika bega, nikaingia na Akello.

Mkuu aliponiona alisimama nusu. "Hajji, hii ni ya ndani. Wewe umestaafu."

"Nimekuja kunywa chai," nikasema, nikakaa.

Akamimina. Akauliza watoto hawajambo, akasahau kwamba Akello hana watoto. Kisha akaegemea mbele, na nawaambia ukweli, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia. Ndiyo inayoniudhi zaidi.

"Akello, sisi si polisi. Banange, jamani, ni chai tu. Hebu tuseme ni leo tena. Kapteni ni mzoefu, uwanja ni wake, mko karibu kabisa kutua. Ungemwuliza yeye kwanza anaonaje, si ndiyo?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake. Alitakiwa kusema ndiyo, basi. Neno moja na kesho yupo kwenye ratiba. Nilijua, naye alijua, na baba yake yuko nje kwenye benchi. Asipopangwa kuruka, leseni yake inakauka. Mnajua wenyewe, rubani asiyetua kwa miezi michache anarudi kuwa mwanafunzi, na wa kumlipia masomo upya hayupo. Alitazama kikombe. Akakisogeza kando.

Akainua uso.

"Go around!"

Katibu alifungua mlango kwa haraka akidhani mtu ameanguka. Mkuu alibaki ameshika birika. Nilimtazama usoni, na nikaona amekumbuka maegesho, madereva, mbuzi, kila kitu. Nilingoja aseme neno, neno lolote la mtu aliyefundishwa. Akaweka birika chini.

"Basi," akasema kwa Akello. "Utapumzika mpaka tukuite."

Hajaitwa mpaka leo. Yupo nyumbani Namuwongo, anafundisha hesabu watoto wa majirani, anasoma vitabu vyake vya ndege mezani ili visimtoke kichwani. Sherehe yangu ya trekta niliikataa. Niliwaambia maji yao wayaweke, siku Akello atakapotua tena Entebbe nitakuja nisimame pale chini wanimwagie mimi mwenyewe na kanzu yangu. Wakaona mzee kachanganyikiwa na kustaafu.

Nilitaka kumaliza hapa, na mngebaki na hasira tu kama mimi. Lakini jana Jumamosi nilikwenda Entebbe kumpokea dada yangu kutoka Mombasa. Nimesimama nje kati ya madereva, mvua imeanza kutoka ziwani, nikaona ndege yetu inashuka, magurudumu chini, chini, chini kabisa. Halafu injini zikanguruma, pua ikainuka, ikapaa juu ya vichwa vyetu ikapotelea kwenye wingu.

"Ayi, pailoti amekosa!" dereva mmoja akapiga kelele.

Mimi nikapiga makofi. Peke yangu, kwenye mvua, mzee wa kanzu. Dereva akanisogezea mwavuli kwa huruma.

Jioni simu ililia. Sauti ndogo, ya mtu anayeomba chumvi.

"Mzee, shikamoo. Ni Wasswa. Nilisema leo."

"Ulisema vipi?"

"Kwa nguvu, Mzee. Hata kapteni alishtuka. Nimeitwa chai Jumatatu."

Nikampigia Akello nikamweleza. Aliniuliza jambo moja tu, kama avae sare. Nikamwambia avae.

Basi bandika birika kubwa, Mkuu. Jumatatu tunakuja watatu.